Tiba ya mwanga kwa mtoto anayepigwa mionzi: mwongozo kamili, na kwanini uanze kabla vidonda havijatokea

Nianze na jambo lenyewe kabisa, maana wazazi wengi wanalisikia wakati wameshachelewa: tiba ya mwanga inasaidia zaidi kama kinga kuliko kama tiba ya vidonda vya mdomo vinavyoletwa na mionzi ya saratani. Inatakiwa ianze siku mtoto anapoanza mionzi, mdomo ukiwa bado mzima kabisa, wakati kila mtu anajiuliza sasa hiki ni cha nini na mtoto anakula vizuri tu. Mtoto akishafika hatua ya kukataa hata maji, mwanga bado unaweza kumpunguzia maumivu na kusaidia kidonda kizibe mapema, lakini ile nafasi kubwa inakua imeshapita. Kwahiyo kama mwanao ana tarehe ya kuanza mionzi, soma hii leo alafu kesho uulize.

Ni mwanga gani huu

Ni mwanga mwekundu, au ule wa infraredi ya karibu ambao macho hayauoni, unatoka kwenye leza ya nguvu ndogo au taa za LED. Haukati wala hauunguzi, mtoto kwa kawaida hasikii kitu zaidi ya kifaa kugusa shavu na labda kajoto kidogo. Wataalamu wanaiita fotobiomodulesheni, zamani waliita tiba ya leza ya nguvu ndogo, ukisikia majina yote mawili hospitali ujue ni kitu kilekile. Mwekundu unaotumika mdomoni uko kama nanomita 630 hadi 680 (nanomita ndo kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), wa infraredi unaanzia kama 780 kwenda juu na wenyewe unapenya ndani zaidi ya ngozi.

Sio kitu cha jana. Mwaka 1967 kule Budapest daktari Endre Mester alitaka kujua kama leza inaweza kuleta saratani, akawanyoa panya mgongoni akawamulika, saratani hakuiona ila manyoya ya waliomulikwa yakaota haraka kuliko ya wenzao. Kwa upande wa watoto, Harry Whelan na timu yake huko Wisconsin, Marekani, walichapisha mwaka 2002 kazi yao ya kutumia taa za LED zilizotokana na teknolojia ya NASA, ambazo mwanzo zilikua za kuoteshea mimea angani, kuzuia vidonda vya mdomo kwa watoto wanaopandikizwa uboho.

Inavyofanya kazi ni hivi. Utando wa ndani ya mdomo una seli zinazojigawa haraka sana, na mionzi inapiga zaidi seli za namna hiyo, kwahiyo utando unakua mwembamba, unavimba, alafu unachubuka na kua kidonda. Ndani ya seli kuna mitokondria ambazo ndo zinatengeneza nishati, na huko kuna kimeng'enya kinaitwa saitokromu c oksidesi ambacho kinanyonya huu mwanga mwekundu. Kikishaunyonya seli inapata nishati zaidi ya kujirekebisha, uvimbe unapungua na maumivu yanashuka.

Naomba usichanganye na mianga mingine. Ile taa ya bluu ya vichanga wenye manjano ni kitu kingine, tiba ya mionzi ya urujuanimno ya magonjwa ya ngozi ni kitu kingine, na kuna ile tiba ya dawa inayowashwa na mwanga ili IUE seli, hiyo ni kinyume kabisa. Balbu za joto za kukandia misuli nazo hapana, hizo zinaunguza, na ngozi iliyopigwa mionzi haitakiwi joto hata kidogo.

Inamhusu mtoto gani

Ushahidi wenye nguvu uko mdomoni. MASCC, chama cha kimataifa cha huduma saidizi za saratani, pamoja na wenzao wa ISOO, chama cha afya ya mdomo kwa wenye saratani, kwenye mwongozo wao wa 2020 wanapendekeza mwanga wa ndani ya mdomo kuzuia vidonda kwa wanaopigwa mionzi ya kichwa na shingo, iwe na kemo au bila kemo, na kwa wanaopandikizwa uboho. Mwongozo wa watoto peke yao uliohuishwa 2021 nao unapendekeza kwa watoto wanaopandikizwa uboho na wenye saratani za kichwa na shingo zinazotibiwa kwa mionzi, kwa mwanga wa nanomita 620 hadi 750. Uingereza, NICE, taasisi yao ya kutoa miongozo ya matibabu, walitoa mwongozo wao juu ya hii tiba mwaka 2018. Nataja haya sio kwa kuringisha majina, ni kwa sababu utakutana na mtu wa afya ambaye hajawahi kuiona atakwambia ni mambo ya mitandaoni, na ukiwa na jina na mwaka mkononi mazungumzo yanakua mengine.

Kwahiyo wa kwanza kufikiriwa ni mtoto mwenye saratani ya nyuma ya pua au koo, rabdomayosakoma (aina ya saratani ya tishu laini) ya usoni au shingoni, na mtoto wa lukemia anayepigwa mionzi mwili mzima kabla ya kupandikizwa uboho. Mtoto wa uvimbe wa ubongo kama medulloblastoma anayepigwa kichwa na uti wa mgongo wote, huyu inategemea. Mara nyingi kinachomsumbua ni koo la chini na umio kwasababu mionzi inaingilia mgongoni inapita mpaka mbele, na mwanga wa mdomoni haufiki kule. Usije ukaahidiwa kwamba utaondoa maumivu ya kumeza yaliyo kifuani. Mtoto anayepigwa tumboni kwa uvimbe wa figo, kuharisha kwake na kichefuchefu hakutibiwi na huu mwanga.

Kwenye ngozi, mwongozo wa MASCC wa 2023 unaupendekeza kwa wanawake wanaotibiwa saratani ya matiti, kwa watoto ushahidi ni mdogo zaidi ila vituo kadhaa wanatumia. Ukavu wa mdomo, taya kukaza, hapo ushahidi ni wa kubangaiza bado. Uchovu na kusinzia sinzia baada ya mionzi ya ubongo, sahau, mwanga sio dawa yake.

Hatua ya 1: uliza kabla ya ile siku ya barakoa

Kabla mtoto hajaanza mionzi kuna siku ya kufanya skani ya mpango, na kwa mionzi ya kichwa wanamtengenezea barakoa ya plastiki ya kumshikilia asitikisike. Kati ya siku hiyo na siku ya kwanza ya mionzi huwa kuna nafasi, hapo ndo pa kuuliza. Muulize daktari wa mionzi: mdomo wa mwanangu unaingia kwenye eneo la mionzi? Kwa dozi gani? Mnayo tiba ya mwanga hapa, na kama hamna ni nani anayo, idara ya meno? Maana sehemu nyingi mashine iko kwa madaktari wa meno na watu wa mionzi hawajui kama ipo jengo la pili tu. Idara ya fiziotherapia nayo mara nyingine wana leza, lakini ya kwao inaweza ikawa na kichwa kikubwa kisichoingia mdomoni mwa mtoto, kwahiyo sio kila leza inafaa.

Uliza pia nani ataifanya kila siku. Mionzi kwa kawaida ni siku tano kwa wiki kwa wiki kadhaa, dozi ya siku kwa watoto mara nyingi ni grei 1.8 (grei ni kipimo cha mionzi), na mwanga unatakiwa uendane na ratiba hiyohiyo. Kikao kimoja kwa wiki pale mtaalamu anapopata nafasi, hicho usikitegemee. Bora mpange mapema, mtoto akija mionzi apitie mwanga kwanza au baada, kufuatana na itifaki yao, safari iwe moja.

Kama mtoto ni mdogo na anapewa usingizi kila siku kwa ajili ya mionzi, uliza kama mwanga unaweza kufanyika humohumo kwenye usingizi. Mtu wa usingizi lazima akubali kwanza kwa sababu mdomo na njia ya hewa ni eneo lake, lakini kwa mtoto wa miaka miwili hii ndo inaweza kua njia pekee.

Hatua ya 2: mdomo uwe safi kabla

Daktari wa meno amuone mtoto kabla ya mionzi. Jino lililooza, jino la maziwa linalocheza, ufizi unaotoa damu, vyote vishughulikiwe mapema, maana jino la kung'oa likitokea katikati ya mionzi ni shida juu ya shida. Brashi laini kabisa, mara mbili au zaidi kwa siku, alafu kusukutua mara nyingi kwa maji ya chumvi na bikaboneti, ile soda ya kuokea (sio bekingi pauda): kijiko kimoja cha chai cha bikaboneti na nusu kijiko cha chumvi kwenye lita moja ya maji safi ya uvuguvugu. Asimeze, ateme. Mtoto ambaye hajui kusukutua msafishe kwa kitambaa laini au sponji yenye hayo maji. Dawa za kusukutua zenye alkoholi ziacheni kabisa, zinawasha na kukausha.

Hii ya usafi watu wanaiona ndogo kwa vile haina mashine. Lakini mwanga kwenye mdomo mchafu unafanya kazi nusu, na ukitaka kuchagua kimoja kati ya hivi viwili kwa vile hospitali yenu haina leza, basi shikilia huu usafi kwa nguvu zote.

Hatua ya 3: andika mtoto alivyo kabla hamjaanza

Piga picha mdomo wake akiwa mzima: midomo, mashavu kwa ndani, ulimi juu, chini na pembeni. Pima uzito. Andika anakula nini. Bila hii baada ya wiki tatu hamtajua kama mwanga unasaidia ama la.

Hospitali watatumia kipimo cha WHO ambacho ni rahisi na hata wewe unaweza kukifuata: 0 ni mzima, 1 ni uwekundu na kuuma kidogo, 2 kuna vidonda ila bado anakula chakula kigumu, 3 anaweza vya majimaji tu, 4 hali kabisa kwa mdomo. Cha watoto wenyewe kipo kinaitwa ChIMES, ambapo mtoto anaonyesha kwa picha za sura jinsi anavyoumia, anavyomeza, na kama ametumia dawa ya maumivu, na mzazi ana fomu yake ya kumjazia mdogo. Omba hiyo fomu, jaza angalau mara mbili kwa wiki saa ileile.

Hatua ya 4: mwandae mtoto

Hapa ndo mashine nzuri inaposhindwa, mtoto akifunga mdomo hamna leza itakayoingia. Watoto wa saratani wameshachomwa sindano nyingi, kila kitu kirefu chenye waya wanajua kinauma, na usimlaumu kwa hilo.

Siku ya kwanza usilazimishe mdomo. Mwekeni ile taa mkononi kwanza, kwenye kiganja, aone ni mwekundu na hauumi. Alafu mwanasesere wake avae miwani amulikwe yeye kwanza. Alafu shavu kwa nje. Alafu ndani ya mdomo wa chini tu, sekunde chache, mumalizie hapo mumpongeze. Kesho mnasogea ndani kidogo. Mwambie ukweli, "utasikia kifaa kinagusa shavu na unaweza kukinai kidogo tukifika nyuma", usimwambie "hutasikia kitu" maana akisikia hata kidogo tu kesho hakuamini.

Mpe kazi. Yeye ndo anahesabu, au anashika kioo, au anainua mkono tukiwa tunatakiwa kupumzika, na akiinua MPUMZISHENI kweli. Watoto wengi wanaokataa wanakubali wakishajua mkono wao unaheshimiwa.

Hatua ya 5: kikao chenyewe kinavyokwenda

Chumba kifungwe mlango, kibandikwe alama ya onyo la leza, kusiwe na kioo au chuma cha kung'aa karibu kinachoweza kurudisha mwanga machoni (kile kioo cha mkononi cha mtoto kinatumika leza ikiwa imezimwa tu). Kila aliyemo ndani anavaa miwani ya kinga: mtoto, wewe, mtoa tiba. Miwani yenyewe iwe ya wimbi la hiyo leza, imeandikwa pembeni nanomita inazozuia. Miwani ya jua HAIFAI hata iwe nyeusi kiasi gani. Kwa mtoto mdogo tafuteni saizi yake, ya mtu mzima inamdondoka na mwanga unapita pembeni, nimeona watu wanamfunika macho na mkono wao, hapana.

Mtoto anakaa nusu mgongo umeegemea, au kwenye mapaja yako kichwa kikiwa kifuani kwako. Anasukutua kwanza, mate yanafutwa kwa pamba au gozi kwasababu mate na damu vinanyonya mwanga kabla haujafika kwenye utando. Ncha ya kifaa inavishwa plastiki safi inayopitisha mwanga na inabadilishwa kwa kila mtoto, na mtoa tiba mzuri anajua ile plastiki inapunguza nguvu kidogo kwahiyo ameshapima nguvu inayotoka ikiwa imevaliwa.

Sasa anaanza mbele kwenda nyuma. Ndani ya mdomo wa juu, ndani ya mdomo wa chini, shavu la kulia, la kushoto, pembeni mwa ulimi pande zote mbili, chini ya ulimi, sakafu ya mdomo, alafu mwisho kabisa kaakaa laini kule nyuma, mwisho kwasababu hapo ndo mtoto anakinai na akitapika kikao kimeisha. Kaakaa gumu na fizi kwa kawaida zinapata vidonda kidogo kuliko zile sehemu laini, hivyo itifaki nyingi zinaziruka. Kifaa kinagusa au kinakua karibu sana na utando, kinasimama wima, hakitembezwi kama brashi: kinakaa sehemu moja muda wake uishe, kinahamia sentimita moja pembeni, kinakaa tena. Ukiona mtu anapitisha tu haraka haraka mdomo mzima kwa dakika moja, muulize kwa heshima dozi anaihesabu vipi.

Kama mtoto hawezi kufungua mdomo, au ni mdogo mno, kuna njia ya nje: LED au leza ya infraredi inawekwa juu ya mashavu, midomo na shingo kwa nje, mwanga unapenya kwenda ndani. Whelan na wenzake walipita humo humo, kwa nje. Ni bora kuliko kukosa, na kwa watoto wengine mnachanganya njia zote mbili.

Hatua ya 6: dozi, na hapa nakuomba usome taratibu

Mwanga ni dawa yenye kipimo kama dawa ya maji ya kijiko. Kidogo mno hakifanyi kitu, kikizidi sana kinaweza kuzuia kile kile ulichotaka kisaidie. Wataalamu wanaliona hili kila wanapojaribu kwenye maabara, faida inapanda, inafika kilele, alafu inashuka. Ndo maana "tumuongezee dakika apone haraka" ni wazo baya.

Kipimo kinaitwa juli. Itifaki nyingi za mdomoni zinazunguka kati ya juli 2 na 6 kwa kila sentimita ya mraba, za kinga zikiwa chini na za kutibu kidonda kilichokwishatokea zikiwa juu. Hesabu yenyewe haina ugumu: juli ni wati mara sekunde. Leza ya miliwati 100 ni wati 0.1, ukitaka juli 2 kwenye pointi moja unagawa 2 kwa 0.1 unapata sekunde 20. Leza ya miliwati 40 hiyohiyo juli 2 inataka sekunde 50. Mdomo ukiwa na pointi 24 kwa sekunde 20, hizo ni sekunde 480, yaani dakika 8 za mwanga bila kuhesabu mapumziko. Ukishajua hii hesabu utaelewa kwanini kikao cha dakika moja hakiwezi kua kimetosha, na pia kwanini mashine mbili tofauti haziwezi kutumia sekunde sawa.

Hesabu hii nakupa uelewe na uweze kuuliza, sio ukafanye mwenyewe. Dozi anaandika mtaalamu, na iandikwe kwenye faili la mtoto: wimbi, nguvu, sekunde kwa pointi, pointi ngapi, tarehe. Mkihamishiwa hospitali nyingine katikati ya tiba hiyo karatasi itawaokoa. Na mashine ipimwe nguvu yake mara kwa mara kwa kipimio maalum, leza inachoka, skrini inaandika 100 wakati inatoa 60.

Mtoto mwenye ngozi nyeusi, hili linasahaulika sana kwasababu vipimo vingi vimetungwa kwa ngozi nyeupe: melanini inanyonya mwanga mwekundu pale juu kwenye ngozi, kwahiyo kwa tiba ya NJE ngozi inaweza kupata joto mapema na mwanga ukafika ndani kidogo kuliko ilivyokusudiwa. Mtoa tiba anatakiwa ajue hilo, apunguze nguvu au agawanye muda, na mtoto akisema moto basi ni moto, ondoeni kifaa. Ndani ya mdomo tofauti ni ndogo ila midomo yenyewe na sehemu zenye weusi muwe makini.

Ngozi

Kwa ngozi iliyo kwenye eneo la mionzi wekundu unaanza kuonekana kama wiki ya pili au ya tatu, na unafika kilele hata wiki moja au mbili baada ya mionzi kuisha, jambo ambalo linawashtua wazazi wanaodhani siku ya mwisho ndo mwisho wa madhara. Kwa mtoto mweusi usitafute wekundu, tafuta ngozi kua nyeusi zaidi ya jirani yake, kung'aa, kukauka na kuwasha. LED pana ndo inafaa zaidi hapa kuliko ncha ndogo ya leza, na kama ngozi imeshafunguka kifaa kisiguse, kimulike kutoka juu kidogo. Oga kwa maji ya kawaida na sabuni isiyo na manukato, kausha kwa kubonyeza sio kusugua, nguo ya pamba iliyolegea, usibandike plasta, usiweke barafu, kofia juani.

Jambo moja ambalo wachache wanaambiwa: mtoto anayepata kemo ya daktinomaisini au doksorubisini baada ya mionzi, ngozi au mdomo uliokwisha pona unaweza kuamka tena mwekundu mahali palepale palipopigwa. Ukiona hivyo usidhani mwanga uliharibu, piga simu kwa timu siku hiyohiyo.

Hatua ya 7: fuatilia, na ujue lini mwanga hautoshi

Kwa mionzi ya kichwa na shingo vidonda kwa kawaida vinaanza kuelekea mwisho wa wiki ya pili. Mtoto aliyepata mwanga vizuri anaweza kupata vidonda vilevile, ila lengo ni aishie namba 1 au 2 badala ya 3 au 4. Kwahiyo ukiona wekundu wiki ya tatu usikate tamaa ukasema haifanyi kazi ukaacha, hapo ndo pa kushikilia, na mtoa tiba atapandisha dozi kwenye zile sehemu zenye kidonda.

Maumivu yatibiwe kwa dawa, mwanga haubadilishi hilo. Mtoto anayehitaji morfini apewe morfini, usimnyime kwa kuogopa jina. Parasetamoli mpe kwa ruhusa ya timu na upime joto kwanza kwasababu inaficha homa, aspirini usimpe. Chakula laini, kisicho cha moto, bila pilipili wala ndimu. Asali ya kumpaka au kumeza taratibu wengine wanatumia na MASCC wameitaja kwa wanaopigwa mionzi ya kichwa na shingo, ila mtoto chini ya mwaka mmoja ni MARUFUKU asali, na kwa wengine mjue inaozesha meno.

Utando mweupe unaofutika kama maziwa ni fangasi, mwanga hauui fangasi, anahitaji dawa yake. Malengelenge madogo madogo yaliyokusanyika yanaweza kua virusi vya hepesi, nayo yana dawa yake. Waambie kabla ya kikao kinachofuata.

Hospitali mara moja bila kusubiri kesho: joto la 38 au zaidi, hakojoi au anakojoa kidogo sana, hamezi hata mate, damu mdomoni isiyokata, kupumua kwa shida, au amelegea isivyo kawaida.

Pale ambapo mwanga unasimama au hauanzi

Uvimbe wenyewe ukiwa mdomoni au kwenye ngozi pale pa kumulika, mwanga hauelekezwi moja kwa moja juu yake, timu ndo inachora wapi pa kuruka. Wazazi wanauliza sana kama mwanga unaweza kulisha saratani, na ni swali la haki kabisa. Tafiti za wagonjwa zilizofuatilia, ikiwemo moja ya Brazili ya watu wazima wa kichwa na shingo, hazijaonyesha saratani kurudi zaidi kwa waliomulikwa. Lakini mtoto ana miaka mingi mbele yake kuliko hao watu wazima, kwahiyo tahadhari ya kukwepa uvimbe ibaki palepale, na anayekwambia hakuna haja ya kuwaza usimwachie mashine.

Waambie pia kama mtoto ana kifafa, maana vifaa vingine mwanga wake unapigapiga, na watoto wa uvimbe wa ubongo wengi wana historia ya degedege. Waambie dawa zote anazotumia, zipo zinazofanya ngozi iogope mwanga. Na zile barakoa za LED za urembo na vitochi vyekundu vya kununua mtandaoni, tafadhali, usimwekee mwanao. Hujui nguvu yake halisi, hujui wimbi lake, na mwanao hana ngozi ya kujaribia.

Mionzi ikiisha

Usiache mwanga siku ya mwisho ya mionzi. Vidonda vya mdomo vinaendelea wiki mbili mpaka nne baada ya hapo, kwahiyo vikao viendelee mpaka utando uzibe, hata kama ni mara tatu kwa wiki badala ya kila siku. Panga hili mapema kwasababu ratiba ya kila siku ya mionzi ndo ilikua inakuleta hospitali, ikiisha watu wanarudi nyumbani mbali na mtoto anabaki na namba 3 bila mtu wa kumuangalia. Kama hamuwezi kurudi kwa vikao, ombeni simu ya mtu wa kutumia picha na uzito wa mtoto kila siku mbili tatu.

Alafu daktari wa meno tena, baada ya vidonda kupona na kisha kila miezi mitatu mpaka sita. Mionzi ya taya inaweza kukausha mate kwa muda mrefu na kuzuia meno ya ukubwani kuota vizuri, na hayo mwanga wa wiki zile chache hauwezi kuyazuia. Jino lolote la kung'oa kwenye taya lililopigwa mionzi, hata miaka kadhaa baadae, daktari wa meno aambiwe kwanza kuhusu mionzi, dozi na tarehe. Hiyo karatasi ya dozi iwekeni pamoja na kadi ya chanjo ya mtoto isipotee.